Shikamoo Kabla ya Ruhusa

Msimu wa kuvuna vitunguu saumu, nyumba yetu yote ilinukia saumu: mablanketi, sare za shule, hata chai. Nilikuwa darasa la sita katika kijiji kimoja cha Mbulu, mtoto wa aibu sana. Nikiitwa jina, nilitazama vidole vyangu vya miguu. Mwaka huo tulipata mwalimu mpya wa Kiingereza, Madamu Mwanahawa, aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Alivaa masweta mawili, na bado alifundisha akisugua mikono kwa baridi. Aliandika ubaoni maneno manne: "can" kwa kuweza, "may" kwa ruhusa, "must" kwa lazima, "should" kwa jambo linalofaa. Kisha akatoa amri: katika kipindi chake hakuna atakayetoka mlangoni bila kuomba ruhusa kwa Kiingereza.

Mbele ya watu nisingeweza, kwa hiyo nilijifunza mbele ya ng'ombe wetu, Maua. Kila jioni nilimwambia, "You must drink water." Akinyoosha shingo kwenye kichanja cha kuanikia saumu, nilimwambia, "You may not eat this." Maua alitafuna tu, hakunicheka hata siku moja. Alikuwa na mimba kubwa. Ndama wake wa kwanza alikufa akizaliwa, kwa sababu mama alikuwa peke yake na mikono miwili haikutosha. Mara hii baba alikuwa Haydom akimuuguza bibi hospitalini, na mama hakutaka yale yajirudie. Shule yetu ilikuwa mlimani, nyumbani kukionekana kutoka dirishani. Mama akaniambia, "Veronika, ukiona kanga nyekundu juu ya kichanja, ujue Maua anazaa; omba ruhusa, ukimbie."

Kanga ilitokea katikati ya kipindi cha Kiingereza. Nikasimama, nikafungua mdomo. Ikatoka, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Si tumeshaamkiana asubuhi? Kiingereza, Veronika."

Nikajaribu tena. "Shikamoo, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. "Huyu anataka marahaba za wiki nzima!" alisema Safari, jirani yangu wa dawati. Lakini mimi sikuwa natania. Nyumbani kwetu humwombi mkubwa hata chumvi kabla ya kumwamkia. Kuanza na ombi lenyewe kulikuwa kama kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Nikatazama dirishani. Kanga ilikuwa ikipepea, na mama alikuwa amesimama kando yake akitazama shule. Nikakaza macho pale, nikajifanya naongea na Maua, nikayatoa maneno yote kwa pumzi moja: "Shikamoo, mwalimu. May I go home? Our cow must have two people."

Madamu alisogea dirishani, akaiona kanga. "Marahaba," akasema taratibu. "You may. Na wewe Safari, mwenye mdomo, you must kwenda naye. Kimbieni!"

Tulikuta miguu ya mbele ya ndama imeshatoka. Mama alituelekeza: Maua anaposukuma tuvute, anapopumzika tupumzike. Tulivuta mpaka Safari akaanguka chali na ndama aliyelowa juu ya sare yake. Ndama akapiga chafya. Mama alicheka huku akilia. Kesho yake Madamu alirekebisha amri: shikamoo kwanza, Kiingereza baadaye.

Sikuendelea na shule baada ya darasa la saba, na hata kumbukumbu hizi nimeziandika kwa siku nyingi. Yule ndama sasa ni ng'ombe mkubwa, ndiye anayetupa maziwa. Siku hizi mdogo wangu anasoma darasa lilelile, wala haogopi mtu. Jana alinijia mkono ukiwa tayari umenyooshwa: "May I use your phone?" Nikaendelea kusuka mafungu ya saumu mpaka alipokumbuka, akacheka, akasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikamwambia. "You may."