Kope Tatu za Mama

Mjukuu wangu ana ugonjwa wa vikope. Harufu ya dawa yake ya macho imenirudisha mlangoni kwa mama, aliyeugua hivyo hivyo mpaka kope zikageukia ndani na kumkwaruza. Kila asubuhi nilizing'oa kwa kibano.

“Ng'oa, baba. Mimi silii.”

Siku moja wenzangu waliniita mpirani. Niliacha kope tatu, nikasema nimemaliza.

“Mbona bado zinachoma?”

“Ni moshi wa kuni, mama.”

Niliendelea kuziacha na kurudia uongo huo hadi macho yakafunikwa na ukungu, asiuone tena ulezi wake shambani. Kosa ni langu, simsingizii mtu.

Muuguzi ameagiza uso wa mtoto uoshwe kila asubuhi, na baridi yetu ya Ufipa mnaijua.

“Babu, maji ya baridi!”

“Lia tu, hata unichukie. Sikuachii hata tongotongo moja.”