Gundi na Nyonga ya Mama

Daktari alipotuonyesha nyonga ya bandia atakayowekewa mama, mjuaji nikawa mimi. Chuma chenyewe kiling'aa, isipokuwa sehemu ya kuingia kwenye mfupa. Hapo, alisema, pana vijishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ili mfupa wa mzee, unaochelewa kuota, upate pa kujishikiza. Nikafurahi kama niliyeulizwa swali ninalolijua. Mimi ni mchonga vinyago. Nani asiyejua kwamba gundi haishiki mti uliopigwa msasa ukateleza?

"Nimekuelewa, dokta," nikamkatiza. Yaliyofuata sikuyasikiliza.

Gundi ukishaipaka unabana, na hugusi mpaka ikauke. Basi mama alipotoka kupasuliwa nikambana. Nyumbani Chanika nilimlaza chali, nikampiga marufuku kukanyaga chini. Kile kifaa cha kutembelea tulichopewa hospitali nikakianikia nguo. Chooni nilimbeba mwenyewe. Majirani wakanisifu kwa kumtunza mzazi, na sifa zikanikolea.

"Baba, si walisema nisimame?" aliniuliza mara kwa mara.

"Mama, we tulia. Bado haijashika."

Akatulia. Kila wiki alizidi kuwa mwepesi mikononi mwangu. Mapaja yakanywea, mgongo ukachubuka, mwisho akaacha hata kuuliza. Siku ya kliniki nilimshika kwapani asimame, magoti yakakunjika, akaning'inia shingoni mwangu. Mwanamke aliyepalilia mihogo yake mwenyewe mpaka siku aliyoanguka! Nikambeba mpaka kwenye gari.

Daktari aliangalia picha kwa muda mrefu. Mfupa, alisema, huota ukibebeshwa uzito. Ukiachwa tu nao unazidi kudhoofu. Kuhusu miguu, kwa umri ule, hakutaka kutuahidi kitu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Bibi, si tulikwambia utembee tangu siku za mwanzo? Nani kakukataza?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Mie mwenyewe, dokta. Muoga mie. Huyu mwanangu ananibembelezaga kila siku nisimame, nakataa."

Daktari akanigeukia, akanipa pole kwa kuuguza mgonjwa mkaidi. Nami, Mungu anisamehe, nikaipokea.