Picha Haiapishwi

Katika chuo cha kanisa nilikosoma, mhadhiri alitupa kazi ya kuandika: je, televisheni, matangazo ya biashara na mitandao vinamjenga Mkristo au vinambomoa? Wenzangu waliandika kuhusu wasichana wanaovaa nusu nguo, pombe inayouzwa kwa vicheko, na vijana wanaochezea simu hata wakati wa sala. Nami nilijaribu kuandika hayo hayo. Kila nikianza, akili ilinirudisha kwa mwanamke mmoja wa Kibajuni, Mwislamu wa swala tano, ambaye televisheni ilimfanyia jambo ambalo sijamsikia mhubiri yeyote akilitaja. Nikaandika habari zake. Mhadhiri akasema nimetoka nje ya mada. Basi naandika tena, na safari hii sina mada ya kutoka.

Nilizaliwa Kismayu. Baba alikuwa fundi wa injini za mashua, Mpokomo wa Tana, aliyeimba tenzi za kanisani huku amepakaa grisi mpaka viwikoni. Jirani zetu wa ukuta kwa ukuta walikuwa mke na mume ambao asili yao ni kisiwa cha Chula. Hawakujaaliwa mtoto, kwa hiyo nusu yangu ilikuwa yao. Mke nilimwita Mamkubwa, na mume Baba Mkubwa. Kazi yake Baba Mkubwa ilikuwa kukalafati vyombo, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba iliyolowa mafuta ya papa ili maji yasipenye. Harufu ya mafuta hayo ilimganda mwilini, hata siku ya Idi, akiwa na kanzu ya pasi, ulijua amefika kabla hujamwona.

"Wallahi ukifa," Mamkubwa alikuwa akimtania kwa Kibajuni, ambamo kuja ni kuya na mtu ni mchu, "paka ndio wachakaokuya kwanza mazikoni."

Yeye alicheka tu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nilimpenda kuliko watu wazima wengi niliowajua.

Vita vilipofika Kismayu, Wabajuni hawakuwa na bunduki wala ukoo wa kuwakinga. Leo wanaingia wapiganaji hawa, kesho wanawafukuza wale, lakini mlango unaovunjwa ni uleule. Baba alipata mashua yenye injini nzima, akatupakia mama na mimi, Mamkubwa, na majirani wengine waliowahi. Baba Mkubwa alikataa kupanda. Pwani kulikuwa na jahazi kubwa ambalo ubavu mmoja ulikuwa haujakalafatiwa, na familia nyingi zilikuwa zimekaa mchangani zikilisubiri. Mafundi wenzake walikuwa wameshakimbia.

"Tangulieni," alisema. "Nikimaliza ubavu huu, nakuya."

Tulipita Chula, tukakuta nao wanafunga virago, kisha tukateremka mpaka Kenya. Kwanza tulikaa kambini Mombasa, halafu baba akapata kibarua, tukapanga vyumba viwili Kisauni, kimoja chetu na kimoja cha Mamkubwa. Hapo ndipo walipotufuata wanaume wawili wa kisiwa cha Kudhaa. Walisema Baba Mkubwa alipigwa risasi ubavuni mwa jahazi lile, wao walimwona akianguka, na hawakuweza kurudi kumzika. Shehe wa Wabajuni pale kambini aliwaapisha, wakaapa. Mamkubwa akaingia eda.

Kwa wasioijua, eda ni miezi minne na siku kumi ambayo mjane hukaa ndani. Hajipambi, hajitii manukato, wala haonekani na mwanamume asiye maharimu yake, yaani asiye jamaa wa karibu. Mamkubwa hakuwa na ndugu Mombasa, kwa hiyo mama yangu, Mkristo aliyebatizwa, ndiye aliyemhudumia, na aliilinda ile eda utadhani ni ya kwao. Baba alipiga hodi nyumbani mwake mwenyewe.

Tatizo lilikuwa televisheni. Mwenye nyumba alikuwa nayo sebuleni, na wapangaji wa kike walikusanyika hapo kila jioni. Walimwonea huruma Mamkubwa kukaa peke yake, wakamwita. Lakini msomaji wa habari alikuwa mwanamume, tena mwenye tai na masharubu. Je, ni halali mjane kumtazama? Wengine walisema mtu wa kwenye kioo si mtu. Mwenye nyumba akasema, "Yeye hakuoni, lakini wewe wamwona, na masharubu yale si ya kuchezea." Wakaafikiana. Habari zikianza, leso inatupwa juu ya televisheni, Mamkubwa anasikia sauti tu. Zikiisha, leso inatolewa na matangazo ya sabuni yanaendelea. Nikikumbuka nacheka mpaka leo, kisha kicheko kinanikauka.

Jioni moja sauti chini ya leso ikataja Kismayu. Ilisema mapigano yameanza upya na watu wangali wanajaribu kuondoka kwa bahari. Mama yangu akairuka meza na kuivuta leso. Tukaona pwani yetu. Tukaona ubavu wa chombo, na mwanamume aliyeinama akigonga pamba kwa nyundo ya mti. Akasimama, akajifuta jasho, akageuza uso na kututazama. Kisha ikaja picha ya malori.

"Ndiye!" Mamkubwa alipiga ukelele. "Mchu wangu ndiye yule! Hakufa!"

Alikuwa ndiye. Mimi nilimwona, mama alimwona. Wanawake walimwangukia wakilia na kupiga vigelegele. Mamkubwa alikwenda kuoga, akatoka amejifunga leso nyekundu na kujitia manukato, na jioni hiyohiyo eda ikavunjika.

Shehe aliitwa. Alikuwa mtu wa haki, akataka aione picha kwa macho yake. Kesho yake alikaa sebuleni kwetu na kilemba chake, akasubiri. Akaonyeshwa siagi. Akaonyeshwa dawa ya mbu. Akaonyeshwa mama mmoja anayelia kwa furaha kwa sababu shuka zimetakata. Kismayu haikurudi, wala siku iliyofuata.

"Mama," alimwambia Mamkubwa, "wale wanaume wawili niliwaapisha. Kisanduku hiki nitakiapisha vipi?" Alirekebisha kilemba chake. "Lakini mume ni wako, na uso wake unaujua wewe. Kama una yakini, mimi siwezi kukuita mjane."

Mamkubwa alikuwa na yakini. Aliishi kwa yakini hiyo ujana wake wote uliobaki. Alikaanga kaimati na kuuza mpaka akanunua televisheni yake, na kila jioni alikaa mbele yake kama mtu aliyeko zamuni. Nchi yetu ikitajwa, alisimama. Dada yake alipofika Ulaya akamwita, alikataa. Mume akija atamtafuta hapa. Mfanyabiashara mmoja wa samaki, Mbajuni mwenzake aliyefiwa na mke, mtu mpole kabisa, alituma wazee. Mamkubwa aliwapa kahawa na kuwaambia ana mume. Watu wa mtaani wakaanza maneno yao: mume wake yumo kwenye televisheni, mahari alipewa na sonara wa kwenye tangazo. Alisikia, akaendelea kukaanga.

"Alinitazama," aliniambia mara nyingi. "Uliona alivyotazama? Alikuwa akinitafuta."

Kwa sababu ya kukaa naye, nayajua matangazo yote ya enzi ile. Wachungaji wetu huyapiga vita sana, lakini mimi sina ugomvi na tangazo la sabuni. Sabuni inakwambia itang'arisha. Ukiinunua ukafua, utajua mbivu na mbichi. Inakuja ikiimba, na kila mtu anajua inataka nini. Ninachokiogopa ni kile kinachokuja na tai, kwa sauti ya utulivu, bila kutaka chochote.

Nilienda chuo nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kufundisha Shule ya Jumapili na kuuza dukani. Nilisomea mawasiliano. Katika somo la kutengeneza habari tulifundishwa kwamba ukikosa picha za leo, unachukua za akiba, za mahali palepale, unaziweka chini ya sauti. Mtazamaji hatambui.

"Na kama aliyemo kwenye picha ni mume wa mtu?" niliuliza.

Darasa lilicheka. Mimi nilikusanya daftari zangu, nikatoka.

Tangu hapo nikawa naitafuta picha ile mtandaoni. Niliandika Kismayu kwa kila namna inavyoandikwa, nikatazama kila kilichokuja. Siku niliyoipata, kwanza nililazimishwa kumtazama msichana akijipaka mafuta ya kung'arisha ngozi. Sikuruhusiwa kuendelea mpaka amalize kutabasamu. Kisha ikafunguka filamu ya zamani kuhusu vyombo vya pwani yetu, imewekwa na mtu anayependa mambo ya kale. Ubavu ule. Nyundo ile. Baba Mkubwa akasimama, akajifuta jasho, akageuza uso na kunitazama.

Pale ambapo televisheni ilikata, filamu iliendelea. Upande wa kushoto aliingia mwanamke kijana na sinia kichwani. Akalitua mchangani, akafunua mikate ya mofa na samaki. Mwanamume akamwambia neno, mwanamke akacheka na kumpiga begani kwa ncha ya leso. Nyuma yao mnara wa bandari yetu, uliobomolewa na vita kabla hatujakimbia, ulikuwa umesimama mzima.

Mwanamke yule alikuwa Mamkubwa.

Nililia palepale katika chumba cha kompyuta cha chuo, mbele za watu. Halafu nikashikwa na hasira ambayo sikujua pa kuitua. Dini yangu inanikataza kushuhudia uongo, lakini nani hapa alishuhudia uongo? Msomaji hakusema picha ni ya siku hiyo. Picha yenyewe haikuwa ya bandia. Shahidi wa uongo angalau unaweza kumwekea kidole. Hawa kila mmoja alisema kweli yake nusu, na nusu zilipokutana zikamla mwanamke mzima. Niliomba, sikupata jibu. Niliogopa kwamba nikimwambia, ninamwua Baba Mkubwa kwa mkono wangu. Na nikinyamaza, nakuwa msomaji wa habari wa pili.

Nilimwuliza mama. Alikuwa amezeeka, lakini maneno yake yalikuwa bado makavu.

"Hiyo si yako ya kuipima," alisema. "Mwenyewe yuko hai. Mpelekee."

Nikampelekea. Nilimketisha kitandani, nikamshikia simu, na mama akakaa upande wa pili akimshika kiganja. Mamkubwa alitazama mpaka sinia lilipotua mchangani. Akaomba nirudishe. Nikarudisha.

"Siku hiyo naikumbuka," alisema hatimaye. "Walikuya vachu wageni na kichu cha miguu mitatu. Sisi tukasema ni wapimaji wa ardhi, wameletwa wachukue pwani yetu. Yeye alikasirika. Ndipo akawakazia macho vile." Aligusa kioo kwa kidole. "Hakuwa akinitafuta mimi."

Miaka yote ile alikuwa ameyasoma macho yale kama barua ya mapenzi, kumbe yalikuwa macho ya mtu anayelinda pahali pake pa kazi.

Alitaka akamilishe lililokatizwa. Alitaka akae eda. Shehe yule wa zamani alikuwa ameshafariki, tukaenda kwa mwanafunzi wake. Alimsikiliza kwa heshima, akamweleza polepole. Picha imeanguka, kwa hiyo ushahidi wa wale wanaume wawili umesimama tena. Na eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, mke awe amejua au hakujua.

"Eda yako ilikwisha zamani, mama," alisema. "Ilipita mwenyewe huna habari. Huna deni kwa Mungu."

Nadhani alikusudia kumpunguzia mzigo. Mimi niliona amemnyang'anya kitu cha mwisho. Mamkubwa alikuwa mjane siku zote alizojitia manukato akimsubiri mume, na sasa alipotaka kumlilia, aliambiwa muda umepita. Majirani walipopata habari walikuja mlangoni wakasimama, hawajui watoe pole au waseme nini kwa msiba wa zamani namna hiyo. Wengi waliondoka bila kuingia. Nilitafuta katika dini yangu jambo la kumfanyia, sikulipata, nikaosha vyombo.

Jioni aliniita nikae karibu yake.

"Ile picha bado imo humo?"

"Imo, Mamkubwa."

"Na vachu waiona?"

"Wanaiona. Dunia nzima."

"Wayua kuwa amekufa?"

"Hawajui."

"Basi waambie."

Chini ya filamu kulikuwa na mahali pa kuandika. Mtu mmoja alikuwa amesifu ubora wa mbao, mwingine alikuwa ameuliza kamera ilikuwa ya aina gani. Nikaandika kwamba mtu huyu anayegonga pamba amefariki vitani, na kwamba sisi sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, maneno ambayo wenye dini yake huyasema. Nikamsomea. Alitikisa kichwa.

"Ongeza kuwa ana mke," alisema. "Wasidhani hakuwa na mchu wa kumlilia."

Nikaongeza. Nilipomaliza kumsomea ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, kama wanavyolia waliofiwa leo.