Ukuta wa Phelesia Katika Ukumbi wa Wagonjwa

Phelesia alikuwa mke wa pili katika boma moja lililo juu kidogo ya Sori, upande ambao upepo wa ziwa hufika ukiwa umeshapoteza harufu ya samaki. Mume wao, Ogweno, alifariki mwaka wa 1993 baada ya kuugua na kukonda mwaka mzima, akaacha wajane wawili. Majirani walitazamia kuwaona wajane hao wakigawana masufuria na kununiana. Haikuwa hivyo. Walilima pamoja, wakauza dagaa wa omena pamoja, na kila kiangazi, mahindi yakishaanikwa, walikandika nyumba zao pamoja.

Kukandika ndiko kulikowapa jina. Mke mkubwa, Dorsila, ambaye Phelesia alimwita Mikayi kama mke wa kwanza anavyoitwa kwa Kiluo, alijua udongo. Alijua kichuguu gani kina wekundu usiopasuka na ni kona ipi ya mto yenye udongo mweupe usiogeuka kijivu ukikauka. Phelesia alikuwa na mkono. Alichora kwa vidole vitatu, bila kamba wala rula, akaizunguka nyumba nzima na mistari yake ikakutana mlangoni palepale ilipoanzia.

Mwezi wa pili mwaka wa 1997 gari lilisimama nje ya boma. Aliyeshuka ni Liz, msanifu majengo kutoka Nairobi, aliyekuwa akisimamia ujenzi wa hospitali ndogo kando ya barabara ya Magunga. Alikuja kuuliza njia. Alipoiona nyumba ya Phelesia, hakuuliza njia tena.

"Mama, nani alipamba hii nyumba?"

"Ni sisi wawili."

"Mnaweza kunipambia ukuta wa hospitali? Ule wa ukumbi, pale wagonjwa wanangojea."

Phelesia alicheka, akidhani ni utani wa watu wa mjini. Alipoona yule binti hacheki, akajibu, "Kwanza nione huo ukuta unakaa wapi. Nyumba haipambwi kama mtu hajaiona."

Phelesia alizaliwa Kaksingri, si mbali na Magunga, na kaka yake Zadock alikuwa bado anaishi huko. Basi mwezi wa nne walifunga nguo zao, wakakodi mtu wa kuwaangalizia ng'ombe, wakaenda kukaa kwa Zadock.

Siku tatu za kwanza Phelesia hakugusa kitu. Aliketi juu ya mfuko wa saruji katikati ya ukumbi mtupu, akatazama. Ukuta wenyewe ulikuwa mrefu, hatua kumi na nane, ukielekea mashariki. Mbele yake, juu ya mlango mkubwa, fundi alikuwa amejenga mistari mitatu ya matofali ya matundu ili hewa ipite. Kila asubuhi jua lilipita kwenye matundu yale, likaangusha vipande vya mwanga juu ya ukuta, vikashuka polepole hadi vikagusa sakafu karibu na saa tano.

"Mikayi," alimwambia Dorsila siku ya tatu, "mtu mgonjwa akikaa hapa, hajui kama amengoja kidogo ama amengoja sana. Tukiacha nyeupe mahali jua linapita, na nyekundu pembeni, ataona asubuhi ikitembea."

Dorsila alijifunga leso kiunoni. "Basi tuanze kabla jua halijahama," akasema.

Walianza, na ukuta ukawakataa. Ulikuwa umeshapigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi ya mafuta, laini kama sahani. Udongo waliobandika asubuhi ulikuwa sakafuni jioni. Mhandisi wa ujenzi, Fanuel, mtu mpole mwenye kalamu sikioni, alikuna kichwa.

"Mama, hiyo rangi iko kwa mkataba. Lakini kama Bi Liz amesema, kwangueni."

Walikwangua kwa tindo na nyundo wiki mbili na nusu. Viganja vya Phelesia vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Dorsila alianza kukohoa. Walisema ni vumbi.

Ukuta ulipokwisha kuparuzwa, wakaleta kinyesi cha ng'ombe kwenye ndoo mbili, maana bila hicho udongo haushiki. Ndipo alipotokea Sista Pauline, muuguzi mkuu aliyekuwa ameletwa mapema kupanga hospitali. Aliziona ndoo, akasimama mlangoni.

"Hiyo hapana."

"Sista, hii si uchafu. Hii ndiyo inashika. Ikikauka hata harufu haina."

"Mama, najua. Hata nyumba ya mama yangu imekandikwa hivyo. Lakini hapa kutakuja watoto wa siku moja, na watu wenye vidonda. Pepopunda inakaa humo. Siwezi."

Phelesia aliijua pepopunda. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa na siku nane, taya zimebana, mgongo umepinda kama upinde. Alimzaa nyumbani, akakatwa kitovu nyumbani. Aliziinua zile ndoo mwenyewe, moja kila mkono, akaenda kuzimwaga kwenye shamba la jirani.

Waliketi siku nyingi wakijaribu vitu. Utomvu wa mkonge uliwasha ngozi na haukushika. Gundi ya mbao ilishika lakini ikaufanya udongo ung'ae kama kiatu. Mwishowe Dorsila alipika uji mzito wa muhogo, akauchanganya na chokaa na mchanga uliochekechwa mara mbili, akaupaka kwenye kona. Asubuhi Phelesia aliukwaruza kwa ukucha. Haukutoka.

Walifanya kazi kuanzia mwezi wa sita. Kwa kuwa jua lilikuwa limeshahama tangu siku zile tatu za kutazama, Phelesia alilazimika kupanua mistari yake, akaifanya kama mikondo ya mto, ili jua likisogea kushoto au kulia na miezi, lisitoke nje ya nyeupe. Chini kabisa walipaka mkanda mweusi wa udongo wa ziwani, kazi ya Dorsila, maana hakuweza tena kupanda ngazi. Alikuwa akiketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akipaka kidogo na kupumzika kidogo.

Walimaliza mwezi wa nane, siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi jua liliingia, likaanguka kwenye nyeupe, nukta kwa nukta, likaanza kushuka. Vibarua wanawake waliokuwa wakibeba maji waliweka madebe chini. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja alisema tu kwa mshangao, "Yawa, linatembea," wakabaki wakitazama mpaka Fanuel alipowaita kazini. Asubuhi za namna hiyo Phelesia alizipata chache tu.

Hospitali ilifunguliwa mwezi wa tisa. Wiki hiyohiyo wafagiaji waliosha ukumbi kwa maji ya dawa, sakafu na kuta, kufika urefu wa mtu, kama kanuni ilivyosema. Nyekundu ikashuka juu ya nyeupe. Zadock alituma ujumbe Sori, walikokuwa wamerudi, Phelesia akaja, akatengeneza. Alimwomba Sista Pauline ukuta ule usioshwe.

"Mama, watu wanatapika hapa," Sista Pauline alimwambia kwa sauti ya chini. "Wanatema damu. Nisipoosha, nitawapa ugonjwa wengine."

Phelesia alitengeneza mara tatu. Mara ya nne hakutengeneza sehemu ya chini.

Kisha mvua ya El Niño ikaja. Ilinyesha tangu mwezi wa kumi bila kujali majira, ikabeba madaraja, ikafunga barabara ya kwenda Homa Bay. Mifereji ya paa la hospitali ilizidiwa, maji yakaingia ukutani kutoka nyuma. Ule uji wa muhogo ulioshika vizuri sana ukaota ukungu, kwanza madoa madogo ya kijani, halafu manyoya ya kijivu. Wagonjwa walisogeza mabenchi mbali. Nje, foleni ilinyeshewa, kina mama na watoto wakiwa wamejifunika majani ya migomba. Fanuel akajenga kibaraza cha mabati mbele ya mlango mkubwa, kirefu na cha kutosha watu hamsini.

Phelesia alipofika mwezi wa kumi na mbili alikuta ukumbi una giza. Mabati yalikuwa yameziba matofali ya matundu. Alitoka nje, akaangalia juu, akarudi ndani, akatoka tena.

"Injinia," alisema, "jua litapita wapi?"

Fanuel alitazama alikoonyeshwa. Uso wake ulibadilika, na Phelesia akajua kwamba hakuwa amefikiria kabisa. "Mama, nisamehe. Lakini ona hawa watu." Chini ya kibaraza walikuwa wameketi watu wamebanana, wakavu. "Nikitoa hii, nitawaambia nini?"

 Phelesia angempata mtu mmoja mbaya katika jambo lile angemchukia, na moyo wake ungepumua. Alikwenda kwa Zadock, akalala mchana kutwa, uso ameuelekeza ukutani.

Mwezi wa kwanza mwaka wa 1998 Dorsila alishindwa kusimama. Alikuwa amebaki mifupa na macho, mdomo umejaa utando mweupe, kama Ogweno alivyokuwa. Phelesia alimleta kwa boti, kisha kwa mkokoteni. Kipindupindu na malaria vilikuwa vimejaza vitanda vyote, ukumbi ulikuwa umetandikwa mikeka, na Dorsila akapewa mkeka chini ya ukuta wao.

Sista Pauline alimwita Phelesia kando. Aliongea taratibu, akataja ugonjwa kwa jina lake, ukimwi, si kwa majina ya kuzungukazunguka ambayo watu walitumia vijijini. Kisha akautafuta uso wa Phelesia.

"Mlikuwa na mume mmoja?"

"Mmoja, Sista."

Phelesia hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alirudi, akakaa kwenye mkeka.

"Amesema nini?" Dorsila aliuliza.

"Amesema utumie maji mengi."

Dorsila aligeuza kichwa, akatazama mkanda mweusi uliokuwa karibu na pua yake. Akaupitisha kidole, akakiangalia. "Umeona nyeusi haijatoka? Ni ile ya kutoka ufuoni kwa Oyugi. Ningejua, ningeweka hiyo kote."

"Kote kungekuwa giza, Mikayi."

"Sasa si ni giza tu."

Alikufa siku ya tano, saa ambayo wahudumu walikuwa wakigawa uji. Walimzika Sori. Mvua ilikuwa ikijaza kaburi, wachimbaji wakawa wanachota maji kwa sufuria.

Mwezi wa tatu Fanuel alisafiri mwenyewe mpaka Sori, jambo ambalo Phelesia alilikumbuka kwa shukrani hata baadaye. Alikataa chai. Alisema wagonjwa wa kifua wamekuwa wengi, wanajenga chumba chao nyuma ya ukumbi, na njia pekee ya kukifikia ni kutoboa mlango kwenye ule ukuta.

"Katikati?"

"Katikati, Mama. Pembeni kuna nguzo."

"Na kwingine?"

"Wizara imesema rangi ya mafuta. Krimu juu, buluu chini."

Phelesia aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele uliokuwa kwenye ungo. "Toboa tu, Injinia," alisema. "Watu watapita wapi?"

Kiangazi kilichofuata hakukandika. Nyumba ya Dorsila ilianza kumomonyoka upande wa mvua, ya kwake ikafuata. Wapita njia walimuuliza, naye akasema mgongo unamuuma. Walimletea maneno ya shule moja ya upili iliyotaka kupambiwa bwalo, akasema hajui kazi hiyo, labda wanamtafuta mtu mwingine.

Katikati ya mwaka wa 1999 alianza kutoka jasho usiku, na kikohozi. Alikaa nacho miezi miwili. Alipokwenda hospitalini mwishowe, alimkuta Liz ukumbini na kamera. Msanifu yule alikuwa amekuja kuandika ripoti ya wafadhili. Alimkimbilia, akamkumbatia, kisha akarudi nyuma hatua moja, akimwangalia mabega yalivyochongoka.

"Mama Phelesia, sikujua. Hakuna aliyeniandikia. Ningejua ningekuja." Alionyesha ukuta wa krimu na buluu. Karibu na fremu ya mlango fundi wa rangi aliruka kipande, upana wa viganja viwili, na wekundu wa zamani ulikuwa bado unaonekana. "Naomba nikupige picha pale. Angalau hiyo ibaki."

Phelesia alisimama pale alipoambiwa. Hakutabasamu, wala Liz hakumwomba atabasamu. Picha ilipokwisha Liz alimshukuru kwa kusafiri mbali hivyo kwa sababu ya ukuta, na Phelesia hakumsahihisha. Alikwenda akaketi kwenye benchi, kadi mkononi, mpaka Sista Pauline alipolisoma jina lake, akainua macho, kisha akaliita.

Kifua kikuu, walisema, na hicho kina dawa. Kuhusu ule ugonjwa mwingine hakupimwa, na hakuomba kupimwa. Alipewa vidonge vya miezi minane, avichukue kila wiki kutoka chumba cha nyuma. Alihamia kwa Zadock ili awe karibu. Wiki za kwanza alikuwa akipita kwenye ule mlango akiwa ameinamisha uso, akihesabu hatua zake, maana alijua ni mstari gani alikuwa akiuvunja kwa kila hatua.

Mwezi wa tatu wa dawa, akiwa njiani kurudi, vidonge vimefungwa kwenye ncha ya leso, aligundua kwamba siku hiyo alikuwa ameingia na kutoka kwenye ule mlango bila kuukumbuka ukuta.