Fundi wa Kuichora Nyumba Yetu

Nilipomwambia mama kwamba nataka nyumba yetu ichorwe, alishika ukuta. Hapa mjini nyumba ikichorwa watu wanajua ni ile X nyekundu, na nyuma yake linakuja tingatinga la kubomoa. Jirani yetu, aliyekuwa anachambua mchele barazani, alikuwa ameshampigia dada yangu simu kabla sijafafanua. Asubuhi nzima iliisha nikieleza kwamba ninachotaka ni picha ya kutundika.

Tangu nimalize kidato cha nne sijatulia mahali. Lindi, Mwanza, Tunduma; kila mji chumba cha kupanga, kuta tupu. Nyumba yetu hapa Kariakoo ni ya chini, vyumba sita na ukumbi katikati, imebanwa na maghorofa pande tatu. Nilitaka safari hii niondoke nayo.

"Ukishaibeba nyumba, utarudi kufuata nini?" mama aliuliza.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema sawa, ila mchoraji atamchagua mwenyewe.

Nilianza na bwana mmoja wa Mnazi Mmoja, anayechora sura za watu kwa penseli. Alichuchumaa ng'ambo ya barabara katikati ya mikokoteni, na ndani ya saa moja nyumba ilikuwa kwenye karatasi, mpaka ule ufa wa juu ya dirisha. Mimi nilikuwa nimeridhika kabisa. Mama aliigeuza karatasi akatazama na mgongo wake.

"Ndiyo imekwisha?"

Imekwisha, mama, yule bwana akajibu. Mama akasema kazi ya haraka namna hiyo ni ya picha za pasipoti, akamnywesha chai, akamuaga.

Aliyefuata huwauzia watalii kule Kivukoni. Alituwekea twiga wawili mlangoni. Mama alitaka kujua hao wamepanga chumba kipi. Mchoraji akaahidi kuwafuta, kesho asubuhi picha iwe tayari. Kusikia kesho, mama akakataa kabisa.

Nilikuwa nimeshakata tamaa alipokuja mwanamke anayeandika mabango ya saluni na mabucha, mtaa wa pili. Alimwamkia mama, na mama hata hakuuliza kama anajua kuchora nyumba. Aliuliza anatumia rangi gani. Ya mafuta, akajibiwa.

"Inakauka lini?"

Yule mwanamke alitazama juu. "Kwa mvua hizi, mama yangu, wiki mbili. Labda tatu. Na mimi sipaki mara moja. Napaka, naacha, narudi."

Mama alinigeukia, uso umemkunjuka. "Huyu ndiye fundi."

Alikaa uani, si barabarani. Alisema mbele ya nyumba ni ya wapita njia. Akachora kamba ya nguo, mbuzi ya kukunia nazi, beseni la bluu lenye kiraka. Wapangaji walitoka vyumbani mmoja mmoja kudai milango yao iwe safi kuliko ilivyo. Mama wa chumba cha mwisho alikwenda kubadilisha pazia, akarudi kusimamia kama linachorwa vizuri, na jirani akamwambia asichokifua mwaka mzima leo kimepata siku yake. Siku nne nyumba ilikuwa kama ina harusi. Sikumbuki lini tena nilicheka hivyo.

Picha iliegemezwa ukumbini. Kila asubuhi, kabla ya chai, mama aliigusa pembeni kwa kidole, akatangaza, "Bado mbichi." Nami nikarudisha begi uvunguni.

Wiki ya nne dereva wa lori aliyeniahidi lifti ya Tunduma alipiga simu: anapakia, nijiandae. Nilikwenda ukumbini, nikaweka kiganja kizima juu ya ile picha. Ilikuwa kavu kama sahani ya kabatini. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji, macho yapo kwenye mkono wangu.

"Vipi?"

"Mbichi sana, mama."

Akaenda kumimina uji, anaimba. Nikampigia yule dereva kumwambia asinisubiri.