Jiwe la Mama Lilivyoshuka Sekenke

Sikiliza, ndugu yangu, nikueleze kwa nini nilishuka Sekenke na punda aliyebeba jiwe. Mdogo wangu Rebeka alikuwa ameolewa huko na mchimba dhahabu, Zefania. Mwezi wa nne wa ndoa akatuma maneno: "Nimechoka kula mchanga. Njooni mnichukue." Mama akanipa jiwe lake la kusagia. "Peleka hili kwanza. Unga ukikwaruza tena, rudi na mwanangu."

Alfajiri mimi na punda tuliondoka kwetu, juu Iramba, tukipita kati ya majabali ya matale, yale mawe magumu ya kijivu. Saa nane mteremko ukaanza, nami nikamshika punda mkia asije akaporomoka na jiwe.

Jioni tulifika kambini.

"Shikamoo, shemeji! Umekuja kuchukua mtu au kuleta mlima?"

"Marahaba, Zefania. Nionyeshe mnaposagia."

Akatoa jiwe jeupe linalometameta. "Nililiokota kwenye kifusi cha mgodi. Nani mwingine anasagia mtama juu ya dhahabu?"

"Na nani mwingine anatema kila tonge?" Rebeka akajibu kutoka jikoni.

Asubuhi Zefania alinipeleka mgodini. Mwamba wa huko ni wa kale, wa kijani cheusi. Zamani sana ulipasuka, maji ya moto yakapanda kwenye nyufa na kuacha humo jiwe jeupe, kwazi, lenye chembe za dhahabu. Mjerumani aliufuata mshipa huo. Wakati wa vita vyake na Mwingereza dhahabu yake ikapigwa sarafu Tabora. Sasa Mwingereza anaufuata chini zaidi.

"Kwazi ni gumu," Zefania alieleza, "lakini limejaa nyufa. Ukiligonga linapukutika."

"Na mkeo akilisugua kila siku?"

Akacheka mpaka wenzake wakageuka.

Mchana Rebeka alisaga mtama kwa jiwe la Mama, akasonga ugali. Akamega tonge la kwanza, akafumba macho, akatafuna. Mimi na Zefania hatukugusa sahani.

"Kaka," akasema, "rudi peke yako."

Kesho yake nilipanda mlima nikiimba, punda mbele bila mzigo. Nilikuwa nimejifunza kwamba jiwe linalotunza dhahabu si lazima lifae jikoni.

Nawe ukitafuta la kusagia, chagua jiwe la matale, kama la Mama, ambalo chembe zake zimeshikamana. Lioshe, saga konzi moja ya mtama, wamwagie kuku. Rudia mpaka unga usikwaruze ulimi, ndipo usonge ugali.