Nyumba Iliyokatwa kwa Kipimo cha Bosi

"Nyumba haina sebule! Msingi mkubwa kama wa shule, matofali yamekwisha mjini kote, na sebule hakuna! Wageni wakija tuwatundike ukutani kama makoti?"

Aliyekuwa akilia hivyo ni wifi mkubwa wa Mama Pindo, amesimama katikati ya kiwanja, kuta zimemfika magotini, viatu vyote viwili vimejaa saruji mbichi na wala hana habari. Kaka yake, mwenye nyumba, ni dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Kwa hiyo dada mtu alijipa usimamizi wa ujenzi bila kuombwa na mtu, na mshahara wake akajilipa kwa kulalamika.

"Sebule ipo, wifi," Mama Pindo akamjibu, futi ya kushonea inaning'inia shingoni. "Umesimama ndani yake."

"Hapa? Hapa nikipiga chafya nagonga kuta zote nne!"

"Basi ukija kututembelea usije na mafua."

Fundi Timazi, mwashi, akageukia tofali lake haraka asionekane anacheka.

Huyu Mama Pindo ni mshonaji, na jina hilo alilipata kwenye sare za shule. Kila gauni alilikunjia ndani pindo nene, maana anawajua watoto kwamba hawana adabu: unampima leo, wiki ijayo kesharefuka. Wazazi walimsifu. Watoto waliovaa gauni moja tangu meno ya utoto hadi chunusi hawakuwa na sifa za kumpa.

Yeye mwenyewe Mungu alimpa mtoto mmoja, binti, ambaye nyumba nzima ilimwita Bosi. Bosi alizaliwa na mtindio wa ubongo. Miguu haikukubali kumbeba, na mkono wa kushoto ulijiendea utakako. Wa kulia ndio uliokuwa mtiifu. Maneno yalimtoka polepole, lakini yakishatoka, aliyeambiwa hutafuta pa kuficha uso. Alikuwa na kiti cha magurudumu, ila katika nyumba yao ya kupanga kiti hicho kilikaa barazani kama mgeni asiyekaribishwa, kwa kuwa milango ilikuwa myembamba na vizingiti virefu. Ndani, Bosi alibebwa. Mama ndiye kiti, mama ndiye ngazi, mama ndiye winchi.

Mtoto akazidi uzito, mgongo wa mama ukazidi miaka. Watu hudhani mgongo ndio uliomfanya ajenge. Wapi! Siku moja wageni wa baba walijaa sebuleni, wanaume wazima, wanakunywa chai na kubishana mpira. Choo cha nyumba ile kilikuwa upande wa pili, na njia ni moja tu, katikati ya wageni. Mama Pindo akapita na binti yake begani. Wageni, kwa heshima zao, wakanyamaza wote, vikombe hewani. Afadhali wangepiga kelele.

Kule chooni Bosi akasema, "Mama, mimi sasa mkubwa. Sitaki kusindikizwa."

Mteja akimwambia Mama Pindo nguo inabana, huwa habishani naye. Anachukua futi.

Akaanza kama anavyoanza gauni lolote, akampima mvaaji. Mkono wa kulia ukinyooshwa unafika wapi? Goti linataka nafasi gani chini ya meza ya jikoni? Swichi ya taa ikae usawa gani? Kisha akapaka magurudumu chaki ya kushonea, akamwambia mtoto azunguke uani apendavyo. Bosi alizunguka kama mwehu, na sakafuni pakabaki duara jeupe.

"Huo ndio upana wa korido yako," mama akasema.

"Huo uwanja wa mpira, mama. Niletee na refa."

Ramani hakuchora. Alichukua karatasi zake za kukatia nguo, akaziunga kwa gundi, akakata chumba kimoja kimoja kwa ukubwa wake halisi, akaenda kuvitandaza kiwanjani na kuvikandamiza kwa mawe. Fundi Timazi, aliyezoea kuchorewa nyumba za watu nyuma ya pakiti ya sigara, alifika akakuta nyumba nzima ya karatasi imelala chini inapumua na upepo.

"Mama, hapa tunajenga au tunashona?"

"Wewe jenga tu. Ikibana kwapani niambie."

Tabu yao kubwa ilikuwa moja: mtu akiita "Fundi!" waliitika wote wawili.

Chumba cha Bosi, choo na jiko vilipangwa kando ya korido moja pana, ili anayetoka kitandani kwenda chooni asipite mbele ya kiumbe yeyote. Kiti kitageuzwa koridoni, kwa hiyo choo kikakatwa chembamba. Ndani yake, ukutani upande wa kulia kwa anayeingia, ndipo pangejengewa bomba imara la kushikia, Bosi ajivute nalo kutoka kitini. Nyumba yote ile, ukiikamua, ilikuwa kwa ajili ya bomba lile. Na korido ndiyo iliyoila sebule.

Kuta zikapanda, bati likakaa, wifi akaendelea kulia. Saruji ilipokauka, Bosi aliletwa kujaribu nguo yake mpya. Akashika korido, anatabasamu hadi masikioni. Akaingia chooni.

"Mama," akasema kutoka ndani. "Bomba liko mkono mbovu."

Mama Pindo akachungulia. Kweli, liko kushoto.

"Mimi nimefuata karatasi," Fundi Timazi akaapa, mikono juu. "Alama nyekundu ya bomba ilikuwa upande ule. Hata unywele sikuongeza."

Naye hakusema uongo. Mshonaji hukata mkono wa kulia wa blauzi, akaigeuza karatasi ileile juu chini, akakata wa kushoto. Mikono imezoea hata akili haiulizwi. Siku ile kiwanjani karatasi ya choo aliipiga alama nyekundu ya bomba ubavuni, wino ukatokeza pande zote mbili, kisha mikono ikaigeuza karatasi kama ilivyozoea, akaikandamiza kwa mawe, akaondoka zake anaimba.

"Tulihamishe," Mama Pindo akasema.

"Tulipeleke wapi, mama? Ukuta ule mwingine uko mbali na bakuli la choo. Tuhamishe bakuli? Basi na bomba la maji machafu lihame, na sakafu yote ivunjwe. Hapo ni kujenga upya."

"Nilisema mimi!" wifi akapata nguvu mpya. "Nilisema! Sebule ya kuku, sasa na choo cha mashoto! Mtoto atabebwa vilevile, tofauti ni kwamba atabebwa kwenye uwanja wa ndege!"

Mama Pindo akaketi juu ya mfuko wa saruji. Alichokiona mbele yake ni bega lake tu: mtoto begani, mwaka huu, mwaka kesho, na watu wenye heshima zao wananyamaza.

Nyuma yake magurudumu yakalia. Bosi alikuwa ametoka chooni, yuko katikati ya korido.

"Unakwenda wapi wewe?" wifi akamuuliza.

"Nageuza."

"Unageuza nini?"

"Mama si aligeuza karatasi? Na mimi nageuza kiti."

Akazunguka kwenye uwanja wake wa mpira mpaka kisogo kikaelekea chooni, akaanza kurudi kinyumenyume kama lori la baba yake linavyoingia ghalani. Aligonga fremu, akatukana kidogo, akanyoosha, akazama ndani hadi ubavuni mwa bakuli. Ukuta uliokuwa kushoto sasa uko kulia. Mkono mtiifu ukanyooka, ukapita juu ya bakuli, ukalikamata bomba.

Akajivuta, akaponyoka, akaanguka kitini kwa kishindo. Mama akaruka.

"Kaa!" Bosi akafoka.

Mama akakaa. Mtoto akavuta pumzi, meno yameuma mdomo, akajivuta tena. Mwili ukainuka, ukayumba, ukahama. Na hao hapo wote wanamwona, ameketi juu ya choo na gauni lake, jasho linamtiririka, anawatazama kama jaji anayewatazama washtakiwa.

"Mh," akasema Fundi Timazi, na kofia akaivua.

Wifi akasogea mlangoni aone kwa karibu.

"Fundi," Bosi akaita.

"Naam," wakaitika wote wawili.

"Yule wa saruji. Mlango huu komeo lake liko wapi?"

"Mama yako hakuniambia habari za komeo."

"Mama anapenda kuingia."

Mama Pindo akatazama chini. Maana ilikuwa kweli. Kwa kipimo chake yeye, Bosi angeingia ameupa mlango kisogo, na wa kuufunga angekuwa mama, siku zote, akiwa ndani. Alimpima mtoto mwili mzima, na katika kila kipimo akajiweka na yeye pembeni. Sasa mtoto ameingia kinyumenyume, anautazama mlango uso kwa uso, na mkono wake unaufikia.

"Mwekee komeo, fundi," akasema. "Na mpini mrefu wa kuuvutia. Usawa wa mkono wake wa kulia."

Siku ya kuhamia, wageni walibanana sebuleni magoti yakigusana, kila mmoja ameshika kikombe chake na cha jirani. Kelele tele, mpira uleule. Kati ya kelele hizo Mama Pindo akasikia magurudumu koridoni. Yakasimama, yakageuka, yakarudi nyuma. Mlango ukavutwa. Komeo: kah!

Sebuleni hakuna aliyegeuza shingo. Hakuna aliyejua. Mpira uliendelea.

Mama Pindo akainuka, akaenda akasimama nje ya mlango wa choo, mkono umeinuliwa kugonga.

"Mama," sauti ikatoka ndani.

"Naam, bosi wangu."

"Miguu yako naiona chini ya mlango."

Akarudi hatua moja. Akatazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Akarudi nyingine.

Wifi alikuwa amemfuata, mkono mdomoni, macho yamemtoka. "Umemwacha ajifungie?" akanong'ona. "Wifi, mwite afungue! Na akianguka je?"

Mama Pindo akampita.

"We, nakuuliza! Akianguka je?"

Lakini yeye alikuwa ameshatoka nje, anateremka polepole mteremko wa saruji uliojengwa mlangoni kwa ajili ya kiti, kuelekea barabarani, mikono yote miwili inaning'inia, haina cha kubeba.